Kindu si mahali pa kungojea tu

Na mwanasendika wa machimbo, Kasongo

Leo nataka tuzungumze juu ya siku zile ambazo mtu wa Kasongo ao wa Kabambare anazipoteza Kindu akingojea mashua. Nitaanza mbali kidogo, kule Mombasa, kisha nitarudi nyumbani. Munivumilie.

Miaka michache iliyopita sendika ilinituma Mombasa, katika inchi ya Kenya, kwa mafunzo ya siku sita. Asubuhi moja meli kubwa ya watalii ikaingia bandari ya Kilindini. Meli ile ilikuwa kama mtaa mzima juu ya maji, madirisha juu ya madirisha. Watu wakashuka, wengi wao wazee, na kofia zao na viatu vya kutembea. Wenyeji wetu wakatuelezea kwamba hao hawalali mjini. Wanashuka asubuhi, wanapanda jioni, na mwenye kuchelewa, meli inamwacha.

Nilishangaa namna walivyotumia ile siku moja. Kila mtu alikuwa na kikaratasi mkononi: saa hii Fort Jesus, ile ngome Wareno walianza kuijenga mwaka 1593; saa ile mji wa kale; kisha Changamwe, kwa wachongaji wa Kikamba. Hakuna aliyekaa kwenye jiwe akisema «tungojee tu». Walijua saa zao ni za kuhesabu.

Na sisi wenyeji wetu walitupeleka Changamwe. Nikamwona mama mzee wa Kizungu ameshika twiga wa mti. Aliuliza bei. Akamrudisha twiga, akazunguka, akaangalia wengine. Akarudi, akauliza tena. Akaenda mara ya tatu, ndipo akanunua. Nikajiambia: huyu mama amevuka bahari kwa feza zake, ana uwezo kunishinda mimi na ukoo wangu wote, na bado anauliza bei mara tatu kwa ajili ya twiga wa mti. Sisi watu wa shimo, wenye jasho la miezi katika kikaratasi kilichokunjwa, tunauza kwa sauti ya kwanza tunayoisikia bandarini!

Jambo lingine nililoliona pale: wale wachongaji hawakimbizi watalii barabarani kila mtu na kinyago chake. Wako katika ushirika wao, koperative, tangu miaka ya 1960. Mtalii anawafuata wao. Tutarudi kwa jambo hili.

Bandari yetu ya kaskazini

Kwetu meli za watalii hakuna. Lakini bandari tunayo, kaskazini yetu, nayo ni Kindu. Mtu wa Kasongo ao wa Kabambare mwenye safari ndefu, mara nyingi inabidi apitie kule. Kutoka Kindu, Lualaba inapitika na mashua mpaka Ubundu, karibu kilomita 300. Kule maporomoko yanafunga njia, na relwe ya kilomita 125 inaunganisha na Kisangani. Upande wa juu wa Kindu mawe yanazuia mashua, ndiyo maana Wabelgiji walijenga relwe ya kwenda Kongolo zaidi ya miaka mia iliyopita. Relwe ileile ndiyo inayounganisha Kindu na Lubumbashi. Na kiwanja cha ndege kiko kule. Kwa neno moja, Kindu ni mlango wetu.

Lakini mlango huu haufunguki kwa saa. Motari anakushusha Alunguli umejaa vumbi mpaka masikioni, unavuka mto, unauliza mashua. Unaambiwa: «Kesho.» Kesho unaambiwa: «Bado mzigo haujajaa.» Keshokutwa fundi anatafuta kipuri. Treni ndiyo usiseme. Kwa hiyo tunakaa siku tatu, siku nne, wakati mwingine juma zima. Tunakaa namna gani? Tunakalia mizigo. Tunakunywa. Tunacheza karata na watu tusiowajua. Feza za safari zinaisha kidogo kidogo kwa chakula na kwa pombe, na mashua ikipiga honi tunapanda tukiwa na deni.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nasema, kule Kindu usingoje mtu akupe jembe. Lichukue mwenyewe, tena siku ya kwanza.

Yaliyonipata mimi

Siandiki haya kwa kujiona mwenye akili. Naandika kwa sababu niliwahi kuwaletea wenzangu hasara.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2013 tulikuwa watu kumi na wawili katika shimo moja upande wa Kabambare. Maji yalikuwa yanatusumbua. Tukakubaliana kukusanya dhahabu yetu, mtu mmoja aende kuiuza Kindu, apande mashua na kufika Kisangani kununua motopompe. Wakanichagua mimi kwa sababu nilisoma sekondari. Mizani hatukuwa nayo. Tulipima namna watu wa shimo wanavyopima, kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani.

Nilifika Kindu saa kumi za jioni. Pale mtoni wakaniambia mashua inaondoka alfajiri. Moyo ukaruka. Nikaingia kwa mnunuzi wa kwanza niliyemwona, chini ya sheeting, na mzani wake mdogo. Mzani ukasema gramu 54. Akanipa dola 30 kwa gramu, jumla dola 1620. Kuko kipande kimoja nilikibakiza, changu mwenyewe, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Mzani uleule ulikipima gramu 3 kamili.

Mashua haikuondoka alfajiri. Iliondoka siku ya tano.

Siku ya tatu, kwa kuchoka kukaa, nikatembea mjini na kile kipande. Mzee mmoja mwenye duka akakiweka juu ya mzani wake. Gramu 3,4. Akaniambia anatoa dola 34. Nikakaa chini. Nikaomba kalamu. Ikiwa gramu 3 za mzani wa kwanza ni gramu 3,4 za kweli, basi zile 54 zilikuwa gramu 61. Gramu 61 kwa dola 34 ni dola 2074. Nilikuwa nimeacha pale mtoni dola 454 za watu kumi na wawili, kwa ajili ya mashua ambayo haikuondoka.

Utauliza: kwa nini sikwenda kushitaki? Nilikwenda mpaka mlangoni, nikarudi. Karte yangu ya mchimbaji ilikuwa imekwisha muda wake. Na yule mnunuzi, sikumwuliza kama ana karte ya négociant. Risiti sikuwa nayo. Ningeingia kama mwenye kulalamika, ningetoka kama mwenye kosa.

Kisangani nilinunua motopompe ya mitumba, kwa kuwa feza hazikutosha kwa mpya. Ilikufa mvua za kwanza. Shimo likajaa maji, na sisi tukatawanyika. Wengine waliamini maelezo yangu. Wengine walisema nilikula. Mpaka leo kuko mmoja, ndugu yangu wa kuchimba, tukikutana sokoni Kasongo hanisalimu. Dola 454 nilizilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Salamu yake sijaweza kuilipia.

Hapo ndipo nilipoingia kazi ya sendika kwa kweli.

Cha kufanya ukiwa Kindu

Basi, wewe mwenye kuja nyuma yangu, sikiliza. Siku zako za kungoja Kindu uzigawe hivi.

Jambo la kwanza: usiuze siku unayofika. Hata wakikuambia mashua iko inawasha motere. Uliza watu watatu ambao hawauzi tikiti: mama mwenye kupika pale mtoni, mpakuzi wa mizigo, na abiria waliolala pale tangu juzi. Hao ndio wanajua. Haraka ile ndiyo inayowalisha wanunuzi wa bandarini. Wanajua utapanda mashua na hutarudi kugombana.

Jambo la pili: jua bei kabla ya kufungua kikaratasi. Bei ya dhahabu inapangwa London kwa wakia, ile ambayo kwa Kifaransa wanaiita once. Wakia moja ni gramu 31,1. Redio inaitaja, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kukuonyesha. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme wakia iko dola 3000. Gawanya kwa 31,1, unapata karibu dola 96 kwa gramu ya dhahabu safi kabisa. Lakini yetu si safi kabisa. Ikiwa ni safi kwa asilimia 90, gramu moja ni kama dola 87. Hakuna atakayekupa 87 kamili, kwa sababu mnunuzi ana kodi, ana safari, naye anatafuta maisha. Sawa. Lakini akikuambia 55, ujue kwamba anakuchezea, na wewe uwe na nguvu ya kufunga kikaratasi na kutembea, kama yule mama wa twiga.

Jambo la tatu: pima mahali pawili. Ukiwa na kipande kimoja kidogo, kipime kwa huyu, kipime kwa yule. Mizani miwili ikikubaliana, vizuri. Isipokubaliana, nenda kwa wa tatu. Saa moja ya kutembea mjini inaweza kukuokoa gramu saba. Na uuze kwa mwenye ruhusa: négociant mwenye karte, ao komptwari, ile nyumba inayoruhusiwa kuuza dhahabu inje ya inchi. Sheria inatutaka kufanya hivyo, lakini faida ni yetu kwanza. Mwenye karte anajulikana anakaa wapi. Wa chini ya sheeting, kesho sheeting haiko.

Jambo la nne, nalo ndilo kubwa: karatasi. Sheria ya madini ya 2002, ile iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji wa mkono awe mtu mzima, Mukongomani, awe na karte yake na awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Karte inadumu mwaka mmoja, na inatoka kwa mkubwa wa Division ya Madini ya jimbo. Yeye yuko wapi? Kindu! SAEMAPE ya jimbo, ambayo kazi yake ni kusindikiza wachimbaji wadogo, iko wapi? Kindu. Tunakaa siku nne mita chache kutoka kwa biro hizo tukicheza karata, kisha tunarudi shimoni kilomita mamia, na askari akituuliza karte tunalia kwamba Leta haitujali.

Najua utakachojibu: «Biro zinatuzungusha.» Ni kweli. Mimi mwenyewe katika biro moja, sitaitaja, niliambiwa «rudi kesho» siku tatu mfululizo na mtu aliyekuwa anakunywa chai. Lakini nimejifunza kitu. Mtu mmoja anaambiwa rudi kesho. Watu saba wa koperative moja, wenye barua moja yenye majina na sahihi, wanapewa kiti. Nendeni asubuhi. Andikeni jina la aliyewapokea. Kila mnacholipa, ombeni risiti. Asiyetaka kutoa risiti, usimtolee feza. Mali bila daftari hupotea bila habari: hayo waliyasema wafanyabiashara wa zamani, na walijua biashara.

Jambo la tano: muone deputé wako. Baraza la jimbo liko Kindu, na ndani yake wamekaa watu tuliowapigia kura Kasongo na Kabambare. Wakati wa kampeni wanatupata hata kwenye shimo. Sasa na sisi tuwapate. Waulize jambo moja tu: asilimia 15. Kwa sheria ya 2018, feza ya redevance inayolipwa na kampuni yenye kibali cha kuchimba inagawanywa: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao chefferie ambamo madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Kabambare iko na Namoya, dhahabu inayojulikana tangu zamani za Wabelgiji. Basi uliza: sekta yangu ilipata ngapi, mwaka gani, na ilifanya nini? Usigombane. Uliza, andika jibu, soma jibu lile mbele ya wenzako ukirudi. Ukiambiwa hakuna kitu, andika vilevile.

Si wachimbaji peke yao

Na ninyi mama zetu wa mchele na wa mawese, haya ni yenu pia. Namwona mama ametoka Kasongo na magunia yake, amelipa pikipiki, amelipa vizuizi, anafika Alunguli amechoka, na mnunuzi anamvamia hata hajavuka mto. «Mama, leo bei imeanguka, nipe mimi.» Anampa. Angetuma mtoto avuke, aulize bei sokoni upande wa pili, arudi amwambie, angejua kama ni kweli. Mama watatu ao wanne wakikodi mahali pamoja pa kuweka magunia usiku mmoja, wanaweza kuuza kesho kwa utulivu. Hiyo nayo ni koperative, hata kama haina muhuri.

Neno kwa wakubwa wa Kindu

Sitaki lawama yote imwangukie msafiri. Mji wa Kindu unaishi kwa sehemu kubwa na sisi tunaopita: tunalala kule, tunakula kule, tunavuka mto kwa feza zetu. Mombasa wanajua kwamba mgeni akidanganywa, atakwenda kuwaambia wengine, na kesho atashukia bandari nyingine. Sisi hatuna bandari nyingine ya karibu, kwa hiyo wengine wanaona wanaweza kutufanya watakavyo.

Ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada kutoka Ulaya.

Ubao mmoja Alunguli na mwingine bandarini, wa rangi nyeusi kama wa shuleni, uandikwe kila asubuhi bei ya gramu ya dhahabu, bei ya mchele na ya mawese. Chaki haigharimu kitu.

Mzani mmoja wa umma, unaokaguliwa na kazi ya Leta, ambapo mtu yeyote anaweza kupima kabla ya kuuza.

Na katika biro zote za madini, orodha ya malipo ibandikwe ukutani kwa Kiswahili: karte ni ngapi, inachukua siku ngapi, nani anapokea. Siku moja kwa juma iwe ya wasafiri, mtu aliyetoka mbali aingie wa kwanza.

Sendika yetu, kwa upande wake, imeanza kitu kidogo. Kabla mtu hajatoka Kasongo na mali ya wenzake, tunamwandikia kwenye daftari: amebeba nini, kwa kipimo gani, anatakiwa kupitia wapi. Hatumtumi mtu peke yake tena, wanakwenda wawili. Akirudi anasoma mbele ya wote. Si kwa sababu tunamshuku. Ni ili asije akabaki kama mimi, mwenye kusema kweli bila kikaratasi cha kuonyesha.

Juma lijalo vijana wawili wa kwetu wanashuka Kindu na mali ya watu tisa. Nimewapa hesabu ya wakia, nimewaandikia barua ya koperative, na nimewaambia karte zao zinaisha mwezi ujao, wazifanye upya wakiwa kule. Mmoja wao ni mtoto wa yule ndugu asiyenisalimu. Baba yake hakuja kwangu. Lakini alimruhusu mtoto aje, na yule kijana alikaa mpaka usiku akirudia ile hesabu ya kugawa kwa 31,1. Mashua ikichelewa safari hii, nadhani watakuwa na kazi ya kufanya.